Siku moja maishani mwangu: konisi, katani na simba wa saruji

Saa 11:15 alfajiri

Kabla ya chai natega sikio juu ya bati. Mvua ikinyesha usiku kucha, jipsamu, ule unga mweupe tunaotengenezea mapambo, haikauki, na siku imeharibika hata kabla sijatoka kitandani. Leo kimya. Alhamdulillahi.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, karakana yetu ni banda lililo nyuma ya nyumba. Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu. Nilianza kama saidia fundi wa Baba Mdogo, nikibeba ndoo na kuosha miko. Mpaka leo fundi ni yeye. Mimi napima, nachora na kuongea na wateja, kwa hiyo mbele za watu ananiita "mwenye mdomo".

Wiki hii tuna sebule moja Goba. Mwenye nyumba ni mama mstaafu, na siku ya kwanza alinionyesha picha kwenye simu: fremu ukutani, konisi nene (ule ukanda wa pambo ukuta unapokutana na dari), nguzo, taa ya vioo. "Nataka hii, mwanangu." Hiyo ni neoklasiki. Wazungu waliianza karne ya 18, baada ya kufukua miji ya Kirumi iliyozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Herculaneum ilianza kuchimbwa 1738, Pompeii 1748. Walikuwa wameshachoka na rokoko, ule mtindo wa mikunjo na makombe ya pwani kila kona. Walipoona vyumba vya Warumi wenyewe, wakarudi kwenye mstari ulionyooka.

Kunyoosha mstari ndiyo kazi. Wateja wengi hudhani kazi ni dhahabu.

Saa 1:00 asubuhi

Sebule ina mita 4.8 kwa 4.2, yaani mzunguko wa mita 18. Konisi moja ni mita 3, tunahitaji saba ili tuwe na za kukatia kona. Tano zimekauka, leo tunavuta mbili za mwisho. Hizo zitapandishwa kesho kutwa.

Za dukani zipo, tena bei nafuu, lakini zimejaa mawaridi kama keki ya harusi. Hii tunaitengeneza wenyewe: ngazi mbili ndogo, mviringo mmoja, basi. Kiolezo ni kipande cha bati alichokikata Baba Mdogo kwa umbo la konisi, kikapigiliwa kwenye mbao inayoteleza kando ya meza. Meza ina kioo juu, kimepakwa mafuta ya kupikia ili kazi isigande.

Maji huanza, unga hufuata. Unanyunyiza unga kwa kiganja mpaka utokeze kama kisiwa, unauacha unywe maji, halafu unakoroga kwa mkono polepole. Ukikoroga kwa pupa unaingiza mapovu, na kila povu litakuja kuwa tundu. Ukiwa mzito kama uji wa mgonjwa, unamwaga mezani, unalaza nyuzi za katani zilizochambuliwa, unamwaga tena, unapitisha kiolezo. Mara ya kwanza inatoka mbaya, imejaa mashimo. Unaongeza, unapitisha. Mara ya sita au ya saba kingo zinaanza kukaza, na ukiweka kiganja unasikia joto. Jipsamu ikiganda hupata moto. Pia huvimba kidogo, hivyo ukichelewa kiolezo kinakwama, na ukilazimisha unang'oa ulichokijenga.

Unga huu tunauita POP, yaani "plaster of Paris", Paris ikiwa ndani ya jina kwa sababu ya machimbo ya kale ya Montmartre, kule Paris. Jiwe lenyewe hata kwetu lipo, linachimbwa Makanya huko Same. Katani nayo nani asiyeijua, ila hii inayoitwa ya Tanga ni mgeni: miche ililetwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Sitini na mbili! Nikichambua nyuzi huwa naifikiria hiyo miche.

Konisi ya kwanza imetoka safi. Ya pili, dogo wetu alichanganyia kwenye ndoo ambayo haikuoshwa. Mabaki ya jipsamu iliyokwisha ganda huharakisha mpya, na haikupita hata dakika tano ndoo nzima imekuwa jiwe, mkono wa dogo umo ndani hadi kwenye vifundo. Akautoa, akatutazama. Baba Mdogo hakusema neno. Alipiga ndoo chini, donge likatoka zima lenye alama ya vidole vitano, akaliweka dirishani. Mpaka natoka lilikuwa bado pale.

Tukaosha ndoo. Tukaanza upya.

Saa 4:00

Goba kwa kirikuu, zile konisi tano zimelala juu ya godoro kuukuu, mimi nimekaa nyuma nimezishika kama wagonjwa. Barabara ya vumbi ya mwisho ile, tuiache.

Saa 4:40

Sasa futikamba na kamba ya chaki. Ukuta wa neoklasiki umegawanywa kama nguzo ya Kirumi: chini kitako, katikati mwili, juu kichwa. Ndiyo maana mkanda wa ukutani haukai katikati. Dari hapa ni mita 2.8, mkanda nimeuweka sentimita 80 kutoka sakafuni. Konisi ni sentimita 11. Mama alitaka 30, kama za kwenye picha, lakini picha ile ni ya jumba la Ulaya ambalo dari yake ni karibu mara mbili ya hii. Ukiibandika hapa, chumba kinakuwa mtoto aliyevaa kofia ya babu yake.

Ukuta wa televisheni una mita 4.8. Fremu tatu, nafasi nne za sentimita 12 kila moja. Zinabaki 432: ya kati 192, za pembeni 120 kila moja. Hesabu imekubali mara ya kwanza, jambo la nadra. Ila swichi ya taa imeangukia juu kabisa ya mstari wa fremu. Fundi umeme ataihamisha kesho. Sitaki fremu iliyong'atwa.

Dirisha ndilo lilinipa mawazo. Ukuta wake ni mita 4.2, dirisha mita 1.5, na aliyejenga kaacha mita 1 kushoto na 1.7 kulia. Sentimita 35 nje ya katikati! Mtindo huu hausamehe hilo. Wale wasanifu wa kale walikuwa tayari hata kutengeneza mlango wa uongo, usiofunguka popote, ili tu upande huu ulingane na ule. Mimi nitadanganya kwa pazia. Bomba la mita 2.6 katikati ya ukuta kabisa: litazidi dirisha sentimita 20 kushoto na 90 kulia. Pazia jepesi litabaki limefungwa, zito pembeni. Mchana mwanga utatuchongea kidogo. Usiku, hata aliyejenga hatajua.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie wa njia panda. Simu inaita: seremala wa Keko katuma picha ya viti. Mninga mzuri, msasa mzuri, miguu imepinda kama ya chui anayenyatia. Hiyo ni rokoko tena, ya Louis wa 15. Nilimchorea miguu iliyonyooka, inayopungua kuelekea chini, yenye mifereji, kama ya enzi za Louis wa 16. Nampigia. "Dada, hii ndiyo watu wanapenda." Najua, kaka yangu. Ng'oa miguu, mwili tunaubakiza. Kacheka, kakubali, kaongeza bei.

Saa 8:15

Kupandisha konisi ni kazi ya watu watatu na shingo ngumu. Ukuta unachunwachunwa, unalowanishwa ili usinywe maji ya gundi, mgongo wa konisi unapakwa POP mbichi, kisha mnakandamiza kufuata mstari wa chaki huku mtu akipigilia misumari ya kushikia kwa muda. Tumeanzia kona ya mlangoni. Nilikata pande zote nyuzi 45 sawasawa, na kona ikaacha mwanya wa kupitisha kisu. Kona yenyewe si mraba. Hakuna kona ya mraba nchi hii, nimeshakubali. Baba Mdogo akajaza kwa kidole, akafuta kwa brashi yenye maji, na ule mstari ukapita kama haukuwahi kukatika. Kidole hicho ndicho kinacholipiwa.

Saa 11:00 jioni

Mama kaja na khanga yake begani na kopo mbili za rangi ya dhahabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona pamekuwa peupe hivi kama hospitali?"

Nilijua litakuja. Nilikuwa na ubao wenye fremu tatu ndogo: ya kwanza dhahabu tupu, ya pili dhahabu kwenye mstari mmoja mwembamba wa ndani, ya tatu bila. Ubao wenyewe niliupaka kijani kilichofifia, kwa sababu neoklasiki si lazima iwe nyeupe. Robert Adam, yule Mskoti aliyepamba majumba ya Uingereza, alipaka dari zake kijani, waridi na buluu. Sikuongea. Nikawasha taa, nikauegemeza ukutani, nikampa kiti.

Akaangalia sana. Akasogea, akarudi nyuma. "Ya pili," akasema. "Lakini makopo nimeshanunua."

Kopo moja litatosha nyumba nzima na chenji.

Halafu akanivuta barazani. "Njoo uone, usinikatalie hiki." Kando ya ngazi kulikuwa na simba wa saruji, wale wanaouzwa kando ya barabara, kapakwa nyeupe, mdomo wazi. Alitegemea nicheke. Lakini simba mlangoni wana haki yao. Niliwahi kusimama mbele ya maktaba ya McMillan kule Nairobi, iliyofunguliwa 1931, yenye nguzo zake nyeupe, na simba wa mawe wamekaa huku na huku mlangoni. Wanapendeza kwa kuwa ni wawili.

"Mwenzake yuko wapi, mama?"

"Alikuwa amebaki huyu tu."

Saa 2:30 usiku

Nimeoga, jipsamu bado iko kwenye nyusi. Orodha ya kesho: fundi umeme, bomba la pazia mita 2.6, ndoo mpya. Na simba wa pili, ila huyu wa kwanza anatazama kulia, kwa hiyo wa pili lazima atazame kushoto. Nani atanipatia simba anayetazama kushoto?