Tasnifu yangu ya mwani imetoka kabatini

"Usiweke, wataiiba." Nililisikia neno hilo kwa karibu kila mtu niliyemwambia kwamba nataka tasnifu yangu ya uzamili iwekwe kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo, ambako mtu yeyote ataipakua bila kulipa wala kuomba ruhusa. Mmoja akaongeza kwamba majarida hayatanipokea tena. Mwingine akasema ningoje kwanza nipate udaktari. Niliwasikiliza kwa heshima, kisha nikaiweka. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyeko Tanga, Pangani au Lushoto ambaye kazi yake imefungiwa kwenye kabati la idara na bado anaambiwa maneno yale yale.

Utafiti wangu ulihusu kilimo cha mwani kwenye vijiji vya pwani ya Mkinga. Nilitaka kujua wakulima wanaamuaje kati ya aina mbili za mwani: cottonii, ambayo bei yake ni nzuri lakini hufa maji yakipata joto, na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo lakini inastahimili. Akina mama wale walinipa muda wao siku za bamvua, maji yakiwa yametoka, saa ambazo kila dakika kwao ni kazi. Walinijibu huku wameinama, mikono ikifunga mbegu kwenye kamba. Nilipomaliza chuo, kazi hiyo yote ikabaki kwenye vitabu vichache vyenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu: kimoja maktaba, kimoja idarani, kimoja kwa msimamizi na kimoja kwangu Chumbageni. Siku moja afisa uvuvi aliniomba nakala. Sikuwa na cha kumpa ila kumwazima kile changu, naye akakaa nacho hadi nikaanza kukifuatilia. Hapo ndipo nilipoona haifai. Utafiti umefanywa pwani hii, kwa muda wa watu wa pwani hii, halafu anayetaka kuusoma inabidi apande basi na kubeba barua ya utambulisho!

Akaunti ya hifadhi nilifunguliwa na mkutubi wa chuo, hilo halina hadithi. Hadithi ilikuwa kupata faili lenyewe. Kompyuta niliyoandikia iliungua umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na fundi alisema diski haisomeki. Kwa hiyo nilibeba kitabu hadi steshenari mjini, kijana akakipiga skani ukurasa kwa ukurasa kwa elfu kadhaa, nikatoka na faili moja kubwa kupindukia. Kulipakia tu kulimaliza bando. Baada ya siku kadhaa mkutubi akanirudishia na maelezo ambayo namshukuru kwayo mpaka leo. Alisema, "Dada, hizi ni picha za kurasa. Mtambo hauoni herufi hata moja humo." Akanieleza kwamba Google Scholar, ambako wasomi wengi ndiko wanakoanzia kutafuta, inataka PDF ambayo maandishi yake yanatafutika, jina la kazi na la mwandishi vikae ukurasa wa kwanza, na faili lisizidi MB 5. Faili langu lilikuwa limeshindwa masharti yote matatu, kwa sababu hata ukurasa wa kwanza ulikuwa jalada jeusi ambalo skani haikuambulia kitu.

Ipo programu ya bure inayoitwa Tesseract inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, na Kiswahili inakijua. Nilijaribu. Aya zilitoka vizuri, lakini majedwali yalivurugika, safu zikaingiliana, bei za mwani zikahamia kwenye safu ya joto la maji. Kwa tasnifu ambayo nusu yake ni majedwali, njia hiyo isingenifikisha.

Nikakumbuka tabia ya msimamizi wangu. Yeye hakuwa akipokea karatasi. Kila sura alitaka itumwe kwa barua pepe, na kila marekebisho yatumwe upya. Kumbe basi tasnifu yangu yote ilikuwa imekaa miaka hiyo yote kwenye folda ya barua zilizotumwa! Niliingia huko nikaanza kuvua sura moja moja, nikichukua ile ya mwisho katika kila mlolongo, pamoja na ramani na picha zikiwa safi kama zilivyopigwa. Nawaambia wenzangu wote sasa: kabla hujalia kwamba nakala laini imepotea, fungua barua ulizotuma, fungua na za aliyekuchapishia, na za rafiki aliyekusomea kabla ya utetezi.

Lilibaki tatizo moja. Marekebisho ya baada ya utetezi hayakupita kwenye barua pepe. Niliyapeleka kwa mkono, na yamo kwenye kitabu peke yake. Tasnifu inayowekwa wazi lazima iwe ile iliyopitishwa, neno kwa neno. Kwa hiyo nilimkalisha mdogo wangu barazani jioni na kitabu, mimi nikashika kompyuta ya kuazima. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nafuata kwenye skrini, na pakitofautiana tunasimama narekebisha. Tasnifu ni ya Kiingereza, lakini tulikubaliana tarakimu zote azisome kwa Kiswahili, maana sikio lililochoka halichanganyi kumi na tano na hamsini. Majedwali alisoma kwa safu, kutoka juu kwenda chini, kisha tukarudia kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na mara mbili njia hiyo ya pili ilitunasia tarakimu iliyoruka. Mama alikuwa ndani anasikiliza. Tulipofika sura ya mapato akatoka na kuuliza, "Hao wa Mkinga kilo moja wanauza kiasi gani kwani?" Nikamjibu, akakaa kitako, akasikiliza sura nzima mimi nikimfasiria. Nina fahari na jioni zile. Hakuna mashine ambayo ingefanya kazi safi namna ile.

Kupunguza uzito wa faili ni kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzigeuza kuwa PDF. Usipunguze ramani, majina yatafifia.

Viambatisho ndivyo ninavyotaka kila mtu avitazame kwa makini. Mwishoni mwa tasnifu yangu kulikuwa na orodha ya wahojiwa: jina, kijiji, namba ya simu. Kwenye kitabu kilichofungiwa kabatini hakuna aliyejali. Lakini ukikiweka mtandaoni umegawa namba za simu za akina mama kwa dunia nzima. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, wale ni watu walioniamini. Nilimwandikia msimamizi na mkutubi, wakakubali nakala ya mtandaoni iwe na namba za utambulisho badala ya majina, na ukurasa wa mbele uandikwe wazi kwamba kiambatisho hicho kimefupishwa. Picha zilizoonyesha sura za watu nilikwenda nazo mwenyewe kijijini. Bi mkubwa mmoja aliitazama yake kwenye simu kwa muda mrefu, akasema iwekwe, na jina lake liandikwe chini yake. Mwingine alikataa, ikaondolewa.

Sasa lile la wizi. Nimelifikiria sana na sikubaliani nalo hata kidogo. Kazi ikiingia kwenye hifadhi inapewa tarehe na kiungo cha kudumu ambacho hakibadiliki hata chuo kikihamisha tovuti yake. Mifumo mingine huja kuzikusanya taarifa zake, kama CORE ya Uingereza na BASE ya Ujerumani. Programu za kukagua wizi wa kitaaluma nazo hulinganisha kazi na yale yaliyoko wazi kwenye intaneti, kwa hiyo anayenakili sura yangu leo atanaswa. Aliye rahisi kuibiwa ni yule ambaye kazi yake ipo kwenye kitabu kimoja ambacho hakuna mashine inayoweza kukisoma. Na hakimiliki haiondoki: ni yangu kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, nami nimeweka leseni ya Creative Commons inayoruhusu mtu kunakili na kutumia mradi anitaje. Niliambiwa niongeze sharti la kuzuia matumizi ya biashara. Nilikataa, kwa kuwa namtaka mchapishaji mdogo wa hapa Tanga atakayeweza kutoa kijitabu cha wakulima na kukiuza kwa bei ya karatasi bila kuniogopa.

Kuhusu majarida, wachapishaji wengi wakubwa hawahesabu tasnifu kuwa chapisho la awali. Uliza jarida lako mapema, inatosha. Mimi nilikwisha kutoa makala moja kwenye jarida la nje, na hapo kuna jambo la kujua: ile PDF nzuri yenye nembo ya jarida mara nyingi huruhusiwi kuipakia, lakini mswada wako uliokubaliwa na wahakiki, kabla haujapangwa kurasa, mara nyingi unaruhusiwa, pengine baada ya kungoja. Sera za majarida zimekusanywa mahali pamoja, palipojulikana miaka mingi kwa jina la Sherpa Romeo. Mimi nilitakiwa kungoja miezi 12. Mkutubi aliupokea mswada siku ile ile, akaufungia, nao ukafunguka wenyewe tarehe ilipofika.

Yupo pia aliyeniandikia barua pepe tamu akijiita mchapishaji, akitaka dola mia kadhaa ili atoe tasnifu yangu kama kitabu. Usilipe. Hifadhi ya chuo haikunitoza hata senti. Fedha zangu zote ziliishia kwenye bando, nauli na ile skani ambayo haikunifaa kitu.

Jambo ninalojivunia kuliko yote ni dogo. Fomu ya hifadhi yetu, ambayo inatumia programu ya DSpace, inajazwa kwa mpangilio wa Dublin Core, yaani utaratibu wa kueleza kazi (jina, mwandishi, tarehe na kadhalika): vipengele 15 vya msingi, na kila kimoja unaweza kukirudia. Wengi hujaza ikisiri, yaani muhtasari wa kazi, ya Kiingereza wakaondoka. Mimi nilimuuliza mkutubi kama naweza kurudia kipengele cha ikisiri. Akasema hakuna aliyewahi kuomba hivyo, akajaribu, ikakubali. Nikaandika ikisiri ya pili kwa Kiswahili, ndefu kidogo, bila maneno ya darasani, na kwenye maneno ya kutafutia nikaweka mwani, bamvua, Mkinga, bei ya mwani, mwani kufa. Kwa sababu mtu wa hapa akishika simu haandiki jina la kisayansi la Kilatini. Haukupita muda, wanafunzi wa Pemba na wa Mtwara wakaanza kuniandikia, na afisa uvuvi yule akanipigia kwamba ameipata mwenyewe, tena kwa kuandika "kilimo cha mwani Tanga" tu.

Mwanafunzi wa Pemba ndiye aliyeniomba takwimu zenyewe. Hifadhi ya chuo inapokea tasnifu na makala tu, kwa hiyo majedwali ghafi niliyapeleka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 2013. Nayo ni bure, inatoa DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa kazi, na ukibadilisha faili unapata toleo jipya huku la zamani likibaki pale pale.

Toleo la pili limeshapatikana, na limetoka Mkinga. Nilichapisha ikisiri ya Kiswahili na ramani, nikawapelekea kikundi siku za maji mafu ambapo hawaingii shambani. Yule bi mkubwa wa kwenye picha akaifuata ramani kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hizi namba ndizo mashamba yetu?" Nikamwambia ndizo, zinaonyesha mahali kwa setilaiti. Akasema kila sehemu ina jina lake, na mjukuu wake akisoma namba hatajua ni wapi. Wakanitajia majina, sehemu baada ya sehemu, wakibishana mipaka. Safu hiyo ya majina sasa imo kwenye takwimu, kushoto kwa namba, na kikundi kimetajwa kuwa mchangiaji wa toleo hilo.