Dizeli ya mafuta ya chipsi: adui ni maji

Mafuta ya kibandani yachuje kwa kitambaa, uyapashe moto hadi yaache kutoa mapovu. Maji yakibaki utapata sabuni (nayo si mbaya, ila gari haliogi). Yapoe hadi nyuzi 55 ndipo utie methanoli (alkoholi ya viwandani): mililita 200 kwa lita, iliyokwisha kuyeyusha kostiki soda. Gramu 3.5 za soda hiyo kwa lita ni za mafuta mapya. Yaliyotumika huongezewa soda kadiri ya asidi yake, kwa hiyo pima kwanza. Koroga saa nzima, nje, mbali na jiko: mvuke wa methanoli ni sumu na hushika moto. Kesho yake gliserini nyeusi imetuama chini. Itoe, osha dizeli, ikaushe. Asubuhi za Julai Nairobi, iliyotokana na mawese huweza kuganda kama samli. Ichanganye na ya kituoni.