Asubuhi ya Memela Oaxaca

Basi la kutoka Jiji la Mexico lilitembea karibu saa saba, nami niliteremka Oaxaca usiku nikiwa na haja moja tu: kujifunza kupika memela, ule mkate mnene wa mahindi unaopakwa maharage meusi na kunyunyiziwa jibini, na kujifunzia jikoni mwa watu, si hotelini. Bahati ilikuwa yangu, kwani mama niliyepanga chumba kwake alikuwa ndiyo kwanza anainjika mahindi.

Katika maji alitia chokaa, kijiko kimoja kikubwa kwa kilo ya mahindi. Mimi niliyelelewa kwa ugali nilishtuka, maana kwetu chokaa ni ya kupaka ukutani, au kidogo ya kutia kwenye tambuu. Mahindi yalichemka, yakalala humo hadi alfajiri, na tulipoyaosha maganda yalivuka yenyewe viganjani. Chokaa hiyo huifungua niasini, vitamini iliyofungika ndani ya punje, mwili ukaweza kuitumia. Mahindi yalipoenea mbali, mara nyingi ujuzi huu haukwenda nayo, na kaskazini mwa Italia na kusini mwa Marekani mafukara walioishi kwa mahindi waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa maelfu. Niliumia kuwaza kwamba nasi tulipokea mbegu bila maarifa yake. Karibu na mji wa Mitla, safari fupi kutoka hapo, katika pango la Guilá Naquitz yalipatikana magunzi ya zaidi ya miaka 6,000. Watu wa bonde hilo wamelijua zao lao siku nyingi.

Mahindi yale yaliyooshwa tuliyapeleka kusagwa yakiwa mabichi, na mashineni kilitoka kinyunga laini chenye joto, si unga mkavu. Mama alikata donge la ukubwa wa yai, akalibapa hadi unene wa nusu sentimita, akaliweka juu ya komali, kaango bapa la udongo. Lilipoiva aliliipua na, likiwa bado linafuka mvuke, akaufinya ukingo kwa ncha za vidole, pande zote, ili vitu vya juu visimwagike. Ukisubiri lipoe, ukingo hupasuka. Wangu ulipasuka mara mbili.

Juu alipaka mafuta ya nguruwe yenye masimbi ya kahawia, kisha maharage yaliyopondwa na majani ya mparachichi wa huko, yenye harufu tamu ya kushangaza, kisha jibini na salsa. Memela yangu ya tatu ukingo wake ulisimama. Aliikagua, akaijaza maharage, akanisogezea sahani.