Mbona Hujamfundisha Mtu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mniwie radhi, ni hili koo. Wa kwaya mnajua tayari, daktari kanikataza kuimba, kasema sauti ipumzike kwanza halafu tutaona, na mimi sauti ya kwanza nimeiongoza tangu sijaolewa jamani. Kwa hiyo mazoezini nakaa kwenye benchi na daftari langu naonyesha kwa mikono. Sitawadanganya, inauma. Usiku nimemuuliza Mungu kwani asingegusa kitu kingine, hata magoti, maana haya yenyewe yameshachoka.

Sasa kijana wangu ni mtu wa langalanga haswa, hizi mbio za magari, akaona mama kanyamaza sana akanitumia habari za mzee mmoja Mwingereza, Jim Russell. Alikuwa na gereji mji mdogo unaitwa Downham Market, huko Norfolk, na mbio alianza ameshapita miaka 30, umri ambao wengine wanafikiria kuacha. Alikuwa anaendesha vile vigari vidogo vya cc 500 (ndiyo ukubwa wa injini), injini ya pikipiki imefungwa nyuma ya mgongo wa dereva. Kwenye hivyo akawa bingwa wa Uingereza 1955, akarudia 1956, akarudia tena 1957.

Mwaka 1959 akaenda Le Mans Ufaransa, yale mashindano ya saa 24, gari moja wanapokezana na Bruce McLaren (ndiyo, yule ambaye jina lake liko kwenye magari mpaka leo). Russell akapata ajali mbaya, gari likawaka moto, mguu ukavunjika, akaungua. Hakurudi tena kuwa yule wa zamani kwenye mbio. Lakini alikuwa na shule ya udereva wa mbio pale Snetterton, ulikokuwa uwanja wa ndege wa kivita, watu wanafundishwa kona, breki, gea, lini ukanyage na lini uachie. Shule ikakua, ikafika mpaka Kanada na Marekani. Emerson Fittipaldi alipita kwenye mikono yake, akawa bingwa wa dunia 1972 na 1974. Jacques Villeneuve alipita tawi la Kanada akiwa kijana mdogo, akawa bingwa wa dunia 1997. Mzee mwenyewe ubingwa wa dunia hakuwahi kuupata, akafariki 2019 ana miaka 98.

Nikasoma nikasema haya, Bwana ananifariji, kwamba ukivunjika huku anakufungulia kule. Tungeishia hapo tukasema amina. Ila nikarudi kuangalia miaka. Shule aliifungua 1957! Mwaka uleule wa ubingwa wa tatu, miaka miwili kabla ya ajali. Yaani mtu yuko juu kabisa, hakuna wa kumgusa, na ndipo anawaita vijana anawaambia njooni niwaonyeshe ninavyofanya. Walilipa ada bwana, haikuwa sadaka, lakini aliwaonyesha. Hapo faraja yangu ikageuka kitu kingine.

Tunaipenda sana Timotheo wa pili 2:2, "na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Paulo anaandika yuko kifungoni, mwendo ameumaliza. Lakini Timotheo alimchukua lini? Matendo 16, kule Listra, Paulo bado ana miguu ya kuzunguka Asia yote! Kwa hiyo ile minyororo ilipokuja ilimkuta mtu wa kukabidhiwa yupo tayari, ameshamwona Paulo akihubiri, akipigwa, akishona mahema. Na Bwana wetu vivyo hivyo, Marko 3 ni mapema kabisa, anawaita kumi na wawili ili wawe pamoja naye kwanza, ndipo awatume.

Niseme na wazee wangu wa kanisa kwa heshima zote, shikamooni. Mzee unajua hesabu za kanisa vizuri kuliko mtu yeyote, lakini funguo ya kabati unalala nayo na daftari hakuna mwingine anayelielewa. Ukiumwa wiki mbili kanisa zima linasimama, na ukiambiwa unafurahi moyoni kwamba bila mimi hawawezi. Hiyo siyo huduma mzee wangu. Kaka wa kinanda, kijana akisogea unazima, eti ataharibu. Aharibu! Wewe ulijifunzia wapi kama siyo hapohapo, na sisi tukakuvumilia tukaimba hivyohivyo. Mama zangu mnaojua kukaa na mgonjwa na kuomba na aliyefiwa, mkienda msibani mchukueni binti mmoja, asiseme neno, akae tu aone mnavyoshika mkono wa mtu. Msisubiri presha na sukari ndiyo ziwalazimishe. Maana ajali haipigi hodi, na siku hiyo utatamani kuelekeza na mdomo hautoki.

Na vijana msishangilie sana huko nyuma. Fittipaldi alikuwa ameshakuwa bingwa kwao Brazili, Formula Vee ya 1967 (mbio za vigari vya injini ya Volkswagen), na bado 1969 akavuka bahari akaja Uingereza akakaa chini ya mwalimu. Wewe umeimba solo moja ya Pasaka, mazoezi unakuja saa unayotaka.

Basi, Alhamisi nawataka mabinti watatu wa sauti ya kwanza waje nusu saa kabla ya wengine, waje na madaftari. Msioimba niombeeni koo. Wiki ijayo Bwana akipenda tunaingia sura ya tatu ya Timotheo wa pili.