Kwenda Makambako kwa Ndugu Zangu

Siku tuliyomzika baba, wasifu wake ulisomwa mbele ya waombolezaji pale Temeke: ameacha mjane na watoto watatu. Nyuma kabisa ya turubai, karibu na wapishi, walikaa mama mmoja na mabinti zake wawili, wakausikia wasifu huo wote. Walikuwa wametoka Makambako usiku kucha kwa basi. Hakuna aliyewatambulisha, na jioni walikuwa wameshaondoka. Ilipopita arobaini ndipo shangazi aliponiita chumbani akasema, "Wale ni ndugu zako, damu ya baba yenu." Yeye alijua tangu yule mkubwa hajazaliwa.

Baba alikuwa fundi wa njia TAZARA. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kuanzia 1970 hadi 1975. Kazi ilimweka huko juu wiki nyingi, kisha anarudi na mchele wa Ifakara na viazi, tunashangilia. Sisi watoto tulijua baba yuko "kambini". Kumbe kambi ilikuwa na jiko na kitanda, na watoto waliokuwa wakimsubiri kama sisi.

Nilitaka nifike Makambako kabla ya kikao cha ukoo. Baba mdogo, ambaye wengi walimpendekeza awe msimamizi wa mirathi, alikuwa ameshatamka kwamba watoto wa nje hawaingii kwenye hesabu. Muhtasari wa kikao ukishasainiwa na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, kuurekebisha ni kazi. Nikakata tiketi ya treni, daraja la pili, behewa la wanawake. Basi lingekuwa la haraka zaidi, lakini nilitaka kuiona njia aliyokuwa akiipita.

Chumba kina vitanda sita. Mwenzangu wa kitanda cha chini alikuwa mama anayefanya biashara ya vitenge, anashukia Tunduma. Tulipoingia hifadhini jua likiwa linazama, watu wakajazana madirishani kuangalia twiga. Yeye akabaki amekaa, akaniuliza naenda kwa nani. Nilipomweleza hakushtuka hata kidogo. Akasema kwao walikuwa nyumba mbili pia, na walifahamiana mahakamani, wakiwa tayari wameshikana mashati. "Wewe angalau unakwenda kwa miguu yako," akaniambia.

Usiku Mlimba wachuuzi walipita na tochi, ndizi na wali kwenye mifuko. Baada ya hapo treni inaanza kupanda milima, mahandaki yanafuatana, masikio yanaziba. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu, kila moja kama mita 50. Baba alitusimulia daraja hilo mara nyingi sana, jinsi mtu akisimama pale juu anavyouona mto kama uzi. Nilikaa macho nikilisubiri. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nimemkumbuka mno, vyote kwa pamoja.

Makambako ni baridi. Mdogo wangu alikuwa stesheni na sweta mkononi, amenibebea. Akapiga goti kidogo: "Shikamoo dada." Paji la uso la baba, tena bila kupunguzwa.

Nyumbani kwao nilimsalimia mama yake, nikamwita mama, akaniitikia huku amegeuka kufuta macho. Kisha nikaiona mbuzi ya nazi jikoni. Makambako hapaoti minazi. Ubao wake ni mninga, na kwenye ncha ya mguu fundi amechonga nyota ndogo yenye pembe moja fupi. Yetu ya Temeke ina nyota hiyohiyo, na pembe hiyohiyo fupi. Alizinunua kwa fundi mmoja. Kule akipeleka nazi, kwetu akileta viazi.

Mama yule aliambiwa kwamba mke wa Dar aliondoka zamani, kukabaki watoto tu. Kwa hiyo naye alidanganywa, na miaka yote aliishi bila ndoa inayotambulika, maana ndoa ya baba na mama yetu ilifungwa kanisani, na hiyo kisheria ni ya mke mmoja. Mdogo wangu alifaulu kidato cha nne akaishia kwenye cherehani. "Niliambiwa hela imekwama kazini," alisema. Mwaka huo mimi nilikuwa chuo. Na mimi niliwahi kuambiwa hela imekwama kazini. Tulikaa tukilinganisha miezi, na kila mwezi aliokosa mmoja, mwenzake alipata.

Yule wa mwisho yuko kidato cha tatu. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba ni patupu. Nyumba ya Temeke hawakuitaja. Walichoomba ni ukoo useme hadharani kwamba hawa ni wetu, na huyu mdogo amalize shule.

Baba mdogo anategemea kanuni za mila zilizoandikwa 1963, ambazo zinamnyima mtoto wa nje urithi upande wa baba pasipo wosia. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake, na huyu bado ni mtoto. Hata sheria ingenyamaza, mimi singenyamaza. Aliyeficha ni baba. Watoto hawa hawakumficha mtu.

Nilimpigia mama nikiwa hukohuko, nje, ili wasisikie akikasirika. Nilimweleza yote, hadi ile mbuzi ya nazi. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Huyo mdogo anafunga shule lini?"

Nikamwambia.

"Kikao kisogezwe mpaka afunge. Na wakija wafikie hapa nyumbani, sio kwa shangazi yenu."

Baba mdogo amelalamika, lakini tarehe imesogezwa. Tiketi zao nimeshalipia, mama yao pia, ingawa bado hajaamua kama atakuja.