Nilivyompata nyegere kwenye kamera, Sikonge

Ukitaka kumpiga picha nyegere porini, kwanza acha kumfuata. Anatembea kilomita nyingi kwa usiku mmoja, na akikusikia tu ameshazama vichakani. Mimi nilianza kufanikiwa nilipowaendea warina asali wa Sikonge, mkoani Tabora. Hao wanamjua kwa hasara anayowatia.

Mzee mmoja alinipeleka chini ya mti wa mtundu ambao mzinga wake wa gogo ulikuwa umeangushwa, masega yametapakaa. Akachuchumaa, akanionyesha nyayo vumbini: vidole vitano, na mbele kabisa ya vidole, matundu ya kucha ndefu za miguu ya mbele.

"Umeona, mjukuu wangu? Fisi ana vidole vinne. Huyu ndiye mwenyewe, na atarudi, maana hajamaliza."

Msitu ule ni wa hifadhi, kwa hiyo niliomba kibali TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Kisha nikafunga kamera inayopiga picha yenyewe kwenye mti wa jirani, ikielekea mizinga iliyobaki. Picha zake zilinipa saa anazopita. Ilikuwa kipupwe, baridi imekaza, na jioni nyingine alitoka jua halijazama. Basi nikaanza kumsubiri mwenyewe, nimekaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwangu, mlio wa kamera nimeuzima.

Unamsikia kabla hujamwona: kucha zinakwangua udongo mkavu, na pumzi nzito kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kinachosumbua ni rangi zake. Mgongo ni mweupe, uso na tumbo ni jeusi ti. Ukipima mwanga kwa mgongo, macho yanapotea kabisa. Nilipima usoni, mgongo nikauacha ung'ae kupita kiasi. Katika picha ninayoipenda kuliko zote ameinua kichwa, pua imejaa udongo, na kile kijicho chake kinaonekana.

Zile picha za usiku nilimpelekea mzee. Zilionyesha wazi kuwa nyegere hukwea shina, halafu hufuata tawi hadi kwenye mzinga. Akaining'iniza mizinga kwa waya mrefu, mbali na shina, na miti akaizungushia bati. Wapo wanaotega sumu, nami napinga kwa nguvu zote, kwa sababu sumu hiyohiyo huua tumbusi na mbweha. Waya na bati vinalinda asali, na nyegere anaendelea kuchimba panya wake na kula nyoka wake.