Vikombe vya kidakani

Arobaini ya bibi imepita na bado sijathubutu kugusa vikombe vyake vya kahawa kidakani, kile kishubaka cha ukutani. Kimoja kina ufa. Alikuwa akikigeuza ufa uelekee ukutani, wageni wasiuone.

Akichambua mchele, bibi alighani Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya mji wa Pate, kule Lamu. Utotoni lilinichosha, sikufichi. Ila ule ubeti wa vidaka vya sahani kugeuka malazi ya makinda ya ndege ulinikaa. Akiufikia hupunguza sauti, kisha huendelea kupepeta kana kwamba ametaja bei ya samaki.

Jana mjomba kauliza, "Vikombe twagawa lini?" Nikamwambia angoje. Usiku nikajaribu kughani mwenyewe. Nikakwama ubeti wa tatu.